Niliweka nadhiri ya kutembea hadi Namugongo, sasa goti limegoma siku ya kwanza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 47, nauza vitenge na kanga sokoni hapa Bukoba. Nakuandikia wewe kwa sababu umekuwa muuguzi miaka mingi na umeshakwenda Namugongo, kule Uganda, kwa miguu, na jambo langu linamtaka mtu anayeyajua yote mawili.

Miaka miwili iliyopita mwanangu wa mwisho aliugua sana. Nililala naye wodini siku 19. Usiku mmoja, nimekaa chini pembeni ya kitanda chake, niliahidi kwamba akipona nitatembea kwa miguu yangu hadi Namugongo kumshukuru Mungu kwa maombezi ya Mashahidi wa Uganda. Alipona. Sasa yuko darasa la nne, anacheza mpira hadi giza linaingia. Mwaka jana sikwenda kwa sababu ya fedha. Mwaka huu kikundi cha parokia yetu kinaondoka tarehe 20 Mei ili kifike Namugongo tarehe 1 Juni, na mimi nimeshajiandikisha. Zimebaki wiki 13.

Shangazi, mimi ni mtu wa kukaa. Nafungua kibanda saa mbili asubuhi, nafunga jioni, na nyumbani narudi na bodaboda. Nina kilo 84. Nina presha, miaka mitatu sasa, nameza kidonge kimoja kila asubuhi. Jumamosi iliyopita kikundi kilifanya matembezi ya kwanza, kilomita 18, kutoka Rwamishenye kwenda barabara ya Kyaka na kurudi. Nilivaa raba za mitumba nilizonunua siku ileile. Kufika nyumbani nilikuwa na malengelenge matatu mguu wa kushoto na mawili wa kulia, na goti la kulia lilikuwa linauma kila ninaposhuka mteremko. Siku tatu nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume kama mtoto.

Nilipomweleza kiongozi wetu, kijana mzuri tu, alinijibu kwamba Mashahidi hawakufanya mazoezi, walikuwa na imani, na kwamba nikianza kuhesabu kilomita nitakuwa naenda matembezi na si hija. Rafiki yangu mmoja ameniambia nimeze diklofenaki kila alfajiri kabla ya kuanza, maumivu sitayasikia. Mwingine anasema nitupe raba nivae katambuga kama wazee wa zamani. Mume wangu naye amesema neno moja tu: "Panda basi kama wenzako, au unataka tukuzike Masaka?" Hajalirudia, lakini kila nikifunga kamba za viatu naliona usoni mwake.

Ninachoogopa zaidi si kuumwa. Ni kuachwa nyuma barabarani, kikundi kizima kinanisubiri, halafu napandishwa kwenye gari mbele ya watu, na nadhiri yangu imeishia hapo. Je, mwili kama wangu unaweza kuandaliwa kwa wiki 13? Na kama hauwezi, nimwambie nini Mungu?

Mama wa sokoni, Bukoba

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale kwenye siku 19 wodini. Mama aliyelala sakafuni siku 19 ana miguu ya kufika Namugongo. Kazi iliyobaki ni kuifundisha, na wiki 13 zinatosha ukizitumia kwa mpangilio, si kwa papara kama ya Jumamosi iliyopita.

Naanza na kiongozi wenu, maana neno lake ndilo litakalokuumiza kuliko lile goti. Karoli Lwanga na wenzake, ndio hao Mashahidi, wengi wao walikuwa vijana wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, watu waliokwenda kwa miguu kila walikotumwa tangu utotoni. Walipotembezwa kutoka Munyonyo kwenda kuchomwa moto Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, hawakuwa watu waliotoka kwenye kiti na bodaboda. Anayekulinganisha nao kwa miguu anasahau jinsi wewe na mimi tunavyoishi leo. Kuuandaa mwili ni kuupa heshima ule wajibu uliojitwika. Hata mama anayekwenda kulima kwa jirani hunoa jembe nyumbani kwanza.

Sasa tuuangalie mwendo wenyewe. Kutoka Bukoba hadi mpakani Mutukula ni kama kilomita 80. Mutukula hadi Masaka, kama 90. Masaka hadi Kampala, kama 130, na Namugongo iko mbele ya jiji kidogo. Jumla inazidi kilomita 300. Mkiondoka tarehe 20 Mei na kufika tarehe 1 Juni, na mkapumzika siku moja njiani, ni kilomita 25 na ushei kwa siku, siku 12. Kwa mwendo wa kilomita nne na nusu kwa saa, hiyo ni karibu saa sita za kutembea kila siku, bila kuhesabu mapumziko.

Kilomita 25 kwa siku moja, watu wengi wenye afya wataziweza, hata wakifika wanachechemea. Kinachowashinda ni kuamka kesho yake saa kumi alfajiri, kuingiza miguu iliyovimba kwenye viatu, na kuzianza nyingine 25. Nimewaona vijana wenye vifua vipana wamekaa chini siku ya nne, na bibi wa miaka 63 anawapita taratibu na rozari yake mkononi. Yule bibi alikuwa anatembea kila siku kwenda shambani na kurudi. Mwili wake ulishazoea kuchoka leo na kuamka kesho. Hilo ndilo zoezi lako, na ndiyo maana matembezi ya kilomita 18 mara moja kwa wiki, halafu siku sita kwenye kiti, hayatakufikisha hata yakirudiwa Jumamosi zote.

Kabla ya yote, Jumatatu nenda kituo cha afya. Usiishie kupima presha, pima na sukari. Mtu mwenye uzito na presha anaweza kuwa na sukari bila kujua, na sukari hufanya mguu usisikie lengelenge mpaka limekuwa kidonda. Mwambie daktari waziwazi: nataka kutembea kilomita 300 mwezi wa tano. Muulize kuhusu kidonge chako. Baadhi ya dawa za presha hukojoza sana, na mtu anayetoka jasho siku nzima anaweza kuishiwa maji haraka. Nyingine huvimbisha vifundo vya miguu, na ukiwa safarini utadhani umeumia. Daktari akibadilisha dawa, abadilishe sasa ili uizoee, na wewe usiache kumeza hata siku moja kwa kujiona uko vizuri. Siku ya safari beba vidonge vya siku zote pamoja na vya wiki moja ya ziada.

Na ile diklofenaki ya alfajiri, mwanangu, nakuomba uikatae kabisa. Hapa sisemi kwa upole. Dawa za aina ile, pamoja na ibuprofeni, hupandisha presha na huzielemea figo, na figo za mtu aliyepungukiwa maji barabarani tayari zina kazi ngumu. Halafu maumivu ndiyo taarifa pekee unayopata kutoka kwenye goti. Ukiyanyamazisha saa kumi na moja alfajiri, utajua ulichokiharibu saa kumi jioni. Ukizidiwa usiku, parasetamoli kwa kipimo cha kwenye pakiti inatosha, na ukiona unaihitaji kila usiku, mguu unadai siku ya kupumzika.

Goti lako, kwa ulivyolieleza, linauma kwenye kushuka. Hilo ni jambo la kawaida sana kwa mtu ambaye misuli ya mapaja imelala. Unapopanda, mapafu ndiyo yanayolalamika. Unaposhuka, paja ndilo linaloshika breki, na paja likiwa dhaifu mzigo wote unaangukia kwenye goti. Kwa hiyo mazoezi ya goti hufanywa kwenye paja. Pale kibandani unacho kiti. Simama na ukae bila kushika kitu, polepole, hasa wakati wa kukaa, mara kumi. Pumzika, rudia mpaka ziwe raundi tatu. Kisha simama umeshika mlingoti wa kibanda, nyanyua visigino mpaka usimamie vidole, shusha taratibu, mara 15. Kisha tafuta kidaraja kimoja kifupi, panda na ushuke, mguu mmoja baada ya mwingine. Mara tatu kwa wiki, dakika 15 tu. Wateja watakuuliza, waambie unajiandaa kwenda Namugongo. Utashangaa wangapi watakuletea majina ya kuombea. Baada ya wiki nne goti litakuwa linasema lugha nyingine. Ikiwa limevimba, lina joto, au linakukwamia katikati ya hatua, hilo si la mazoezi, mrudie daktari.

Matembezi yenyewe tuyapange hivi. Wiki mbili za mwanzo usitembee na kikundi. Acha malengelenge yapone, kisha tembea peke yako au na mwanao yule, nusu saa hadi dakika 40, siku nne kwa wiki, sehemu tambarare kule ufukweni. Kipimo cha mwendo usinunue kifaa chochote, unayo rozari. Matendo matano yakisaliwa kwa sauti bila haraka huchukua kama dakika 20. Kama unaweza kuimaliza Salamu Maria bila kukatisha katikati kuvuta pumzi, mwendo wako ni sahihi. Ukianza kuhema kwenye "umejaa neema", punguza. Rozari mbili ni dakika 40. Na bodaboda ya jioni, kuanzia leo iache.

Wiki ya tatu anza Jumamosi ndefu: kilomita 8, halafu 10, halafu 12, na wiki ya sita rudi kwenye 8. Kurudi huko nyuma usikuonee aibu. Mwili hujengeka unapopumzika. Wakati wa kutembea unabomoka kidogo tu. Wiki ya saba ndipo siri yenyewe inapoingia, nayo ni kuongeza Jumapili. Jumamosi 12 na Jumapili 8 baada ya Misa. Wiki inayofuata 15 na 10, kisha 18 na 12. Siku hiyo ya pili, Jumapili, ndiyo darasa. Utaamka umekakamaa, utataka kubaki kitandani, na katika nusu saa ya kwanza utajiuliza nani alikutuma. Kisha miguu itapata joto na utaendelea. Ukishalijua jambo hilo mwilini mwako, kwamba kukakamaa kwa asubuhi hupita, hutaogopa siku ya tano njiani. Wiki ya kumi punguza tena. Wiki ya 11 mwachie mtu kibanda, utembee siku tatu mfululizo: 20, 18 na 15, ukiwa na mfuko utakaobeba, viatu utakavyovaa na chakula utakachokula. Hapo usizidishe. Wiki ya 12 fanya nusu, na ya 13 tembea matembezi mafupi ya jioni tu. Kuna watu huamua kufidia wiki ya mwisho. Hao ndio huanza hija wakiwa wamechoka.

Miteremko nayo isiachwe. Wewe unaishi chini ya mlima, una bahati. Kuanzia wiki ya tano, mara moja kwa wiki panda kutoka mjini hadi Rwamishenye na ushuke kwa hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, bila kujizuia kwa kisigino. Fimbo ya kutembelea ina msaada mkubwa kwenye kushuka, na hakuna atakayekucheka. Nusu ya mahujaji wa Kagera utawaona nazo.

Katikati ya wiki hizi kuna Kwaresima. Funga zako zifunge, lakini Ijumaa jioni kula ushibe kabla ya Jumamosi ndefu, na siku ya kufunga isiwe siku ya matembezi marefu. Usichukue pia safari hii kama dawa ya kupunguza kilo kwa haraka. Ukipungua kilo nne tano ndani ya wiki 13, goti litashukuru, lakini mtu anayejinyima chakula huku anaongeza kilomita huishia kuugua. Ndizi na maharage, uji wa ulezi asubuhi, samaki ukimpata, ndivyo vitakavyokujenga. Punguza soda na maandazi ya pale sokoni, hayo mawili tu, uone.

Sasa miguu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo hija nyingi zinapofia. Mara yangu ya kwanza nilitembea na viatu vipya vilivyonitosha barabara. Siku ya pili mguu ulivimba, kiatu kikawa kidogo, na nilipofika Masaka kucha mbili za vidole gumba zilikuwa zimeshakuwa nyeusi. Mguu wa mtu anayetembea kutwa huvimba, kwa hiyo kiatu kinunuliwe jioni, ukiwa umevaa soksi za safari, na kiwe na nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole chako kirefu zaidi. Raba za mitumba sizikatai. Wengi wetu ndizo tunazoziweza. Ila ibonyeze soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao au imepasuka ubavuni, imezeeka hata kama juu inang'aa. Kiatu ulichokichagua kitembee nawe si chini ya kilomita 100 kabla ya tarehe 20 Mei. Katambuga ni nzuri kwa mguu uliozaliwa nazo. Wako haukuzaliwa nazo, na wiki 13 hazitoshi kuufundisha. Beba kandambili kwa ajili ya jioni, ili mguu upate hewa.

Lengelenge huletwa na vitu vitatu: msuguano, joto na unyevu. Mwezi wa tano kwenu bado kuna mvua, hivyo unyevu utakuwepo upende usipende. Soksi za pamba zikilowa hubaki zimelowa, tafuta za michezo zinazokauka haraka, jozi tatu au nne, na badilisha mchana mnapopumzika. Iliyolowa ibane nje ya mfuko ikauke huku unatembea. Asubuhi paka mafuta ya mgando kwenye vidole, visigino, na mapajani pia, halafu vaa taiti ndani ya sketi. Hili la mapaja kina mama hatulisemi, tunaumia kimya hadi tunatembea kama tumepanda ng'ombe. Lisemwe. Na jambo la maana kuliko yote: ukisikia sehemu inaunguza ndani ya kiatu, simama hapohapo, usingoje kituo. Vua, futa, kausha, bandika plasta, vaa, endelea. Dakika tatu. Watu huona haya kusimamisha wenzao kwa dakika tatu, halafu wanawasimamisha kwa siku nzima. Lengelenge dogo lisilouma liache. Kubwa linalozuia hatua, litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, kamua maji, na ngozi ya juu usiichune, hiyo ndiyo bandeji bora uliyonayo. Kucha zikate wiki moja kabla, zinyooke, zisiwe fupi mno.

Kuhusu maji, kuna jambo nimeliona kwa wanawake tu. Hatunywi, kwa kuogopa kutafuta choo barabarani. Tunafika jioni na kichwa kinagonga na mkojo wa rangi ya chai. Kwa mtu wa presha hiyo ni hatari. Kubaliana na wenzako wawili watatu kabla ya safari kwamba mtasimama pamoja, mmoja atashika kanga, basi. Kunywa kidogo kidogo kila baada ya nusu saa. Na upande wa pili, usijimiminie lita za maji matupu kutwa bila chakula, maana chumvi ya mwili hushuka, mtu akachanganyikiwa na kuanguka. Kula njiani: ndizi mbivu, karanga, mkifika Uganda gonja, zile ndizi za kuchoma, mtaziona kila mji mdogo. Pakiti chache za chumvichumvi za ORS ziwe mfukoni kwa siku ya jua kali au ya kuharisha, na kwa sababu ya presha yako muulize daktari kiasi. Mkivuka Lukaya mtaingia Lwera, barabara inapita katikati ya kinamasi na kivuli ni cha kuomba. Hapo vukeni asubuhi na mapema, chupa zimejaa.

Tembeeni upande wa kulia, mkiyatazama magari yanayokuja, mstari mmoja, na alfajiri kila mtu awe na kizibao kinachong'aa. Barabara ya Masaka kwenda Kampala imeua watu wengi. Mumeo aliposema Masaka hakukosea kuogopa, na mkitembea kiholela atakuwa na haki. Chanjo ya homa ya manjano nayo ichomwe sasa, kwa sababu kadi huanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano, na Mutukula wanaweza kuidai pamoja na hati ya kusafiria. Chandarua kipate nafasi kwenye mfuko. Mfuko wenyewe, kama gari la kikundi halitabeba mizigo, usizidi kilo sita. Upime kwenye mizani ya muuza mchele jirani yako.

Mumeo usimshinde kwa maneno. Mwombe aje nawe Jumamosi moja ya wiki ya nne, kilomita kumi tu. Mpe kadi ya kliniki asome namba za presha mwenyewe kila mwezi. Kisha mwombe apande basi la parokia akukute Namugongo tarehe 2 jioni, ili tarehe 3 msali Misa pamoja, wewe na yeye na yule mtoto. Mwanaume anayesema "unataka tukuzike" anasema anaogopa kubaki peke yake. Mpe kazi katika hija hii, woga wake upate pa kukaa.

Nimeliacha la nadhiri mwisho kwa sababu ndilo ulilolificha mwisho. Kati ya Mashahidi 22 ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, yumo Gonzaga Gonza. Naye alitolewa Munyonyo pamoja na wenzake kwenda Namugongo. Minyororo ilimla miguu hadi akashindwa kuendelea, na akachomwa mkuki njiani, Lubaawo. Namugongo hakufika. Kanisa halijawahi kumhesabu kuwa nusu ya shahidi. Ukitokea ukaumia Kyotera ukapandishwa gari, kaa kwenye kiti cha mbele, toa rozari, na ujue uko njiani vilevile.

Hata hivyo usibaki na mzigo huo wa kujiuliza. Nenda kwa paroko wako kabla ya Mei umweleze ulichoahidi, maneno yaleyale uliyoyatamka wodini. Sheria ya Kanisa inampa uwezo wa kukuondolea nadhiri binafsi, au kuibadili iwe tendo jingine, kukiwa na sababu ya haki. Mwambie: Baba, nikishindwa njiani kwa ugonjwa, nifanye nini? Atakupa jibu utakalotembea nalo, na utakapoamka siku ya tano hutakuwa na lile goti na woga kwa pamoja.

Dalili hizi zikikupata, iwe mazoezini au safarini, usimalize hata kilomita ile: kifua kubana au kuuma, kizunguzungu kisichoisha ukikaa kivulini, pumzi kukata ukiwa umepumzika, au nyama ya mguu mmoja wa chini ya goti kuvimba na kuuma peke yake. Hapo ni hospitali, na kiongozi wenu aambiwe hivyo leo, mbele ya kikundi chote, ili siku hiyo pasiwe na ubishi.

Na kwake yeye nina ombi, ukiweza msomee. Kikundi kitembee kwa mwendo wa mtu wa mwisho. Wa mwisho awe na mwenzake wa kumsindikiza, wabadilishane kila siku, na mnapopumzika wa mbele wasiondoke wa nyuma anapofika. Nimeona mara nyingi vijana wanapumzika dakika 20 wakimngoja mama mmoja, akifika tu wanainuka, kwa hiyo yeye peke yake kutwa nzima hajapumzika. Halafu wanasema amechelewesha watu.

Jumatatu kapime, mwanangu. Jioni niandikie namba zote mbili za presha, ya juu na ya chini, na ya sukari, na jina la kidonge chako kama lilivyo kwenye pakiti. Wiki ya sita niandikie tena kuhusu goti. Raba za Jumamosi iliyopita usizitupe kabla hujaibonyeza ile soli.

Shangazi yako